Tishari la Klorini Lililokwama Louisville

Nilizaliwa Tanga, na matishari niliyajua kabla sijajua kusoma. Enzi zile meli kubwa hazikuweza kufunga gatini kwetu. Zilitia nanga nje, ghubani, na kila robota la mkonge lilifika melini kwa tishari. Baba yangu alikuwa kuli. Alikuwa akirudi nyumbani Chumbageni nyuzi za katani zimemganda shingoni, akimlaumu nahodha wa boti la kuvuta kwa kuchelewa. Tishari la Tanga lilivutwa kwa kamba ndefu, safari fupi ya kwenda na kurudi. Kamba ikikatika, lilijiendea taratibu hadi kwenye mikoko, makuli wakacheka, msimamizi akatukana, kisha likafuatwa. Sikumbuki hata mara moja mtu kusema tishari ni chombo cha hatari.

Mwaka 1970 nilipata nafasi ya kwenda kusoma kemia Marekani, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Kwetu sisi vijana, Louisville ulikuwa mji wa Muhammad Ali na si kitu kingine. Karibu kila barua kutoka nyumbani iliuliza kama nimeonana naye, hasa baada ya Machi 1971, Joe Frazier alipompiga. Hakuna hata barua moja iliyouliza habari za mto. Lakini mji ule upo pale kwa sababu ya mto, na mambo nitakayoyasimulia hayaeleweki bila kuujua kwanza.

Mto Ohio unaanzia Pittsburgh na kwenda kilomita 1,579 hadi Cairo, Illinois, unakomwaga maji yake kwenye Mississippi. Njia nzima hiyo umetulia, isipokuwa mahali pamoja: Louisville, ambako unashuka takriban mita 8 juu ya mwamba wa chokaa uliojaa visukuku vya viumbe wa bahari ya kale. Si maporomoko ya kwenda kupigia picha. Ni ngazi pana ya mawe, na wakati wa kiangazi watu hutembea juu yake wakiokota visukuku, ingawa wanakatazwa. Zamani vyombo havikuweza kupita hapo kwa urahisi. Mizigo ilishushwa upande wa juu, ikakokotwa nchi kavu, ikapakiwa tena upande wa chini, na kutokana na kazi hiyo ya kushusha na kupakia ukaota mji. Mwaka 1830 ulifunguliwa mfereji wa kuyazunguka mawe. Baadaye wakajenga bwawa juu ya mwamba wenyewe ili kina cha maji upande wa juu kitoshe mwaka mzima, na mwaka 1927 kikaongezwa kituo cha umeme. Bwawa hilo sasa linaitwa McAlpine.

Kwa hiyo chombo kinachoteremka kikikaribia Louisville hukuta njia mbili. Mkono wa kushoto kuna mdomo wa mfereji, mwembamba, unaokwenda hadi kwenye loki, yaani chumba kirefu cha zege chenye milango pande zote mbili. Chombo huingia, maji hupunguzwa, nacho hushuka polepole mpaka kikalingana na mto wa chini. Mkono wa kulia kuna mto mpana, mzuri kwa macho, unaoishia kwenye milango ya chuma ya bwawa na mawe yaliyo nyuma yake. Mto ukiwa mdogo, kuchagua njia si kazi. Ukifurika, milango ya bwawa hufunguliwa ili maji yapite, na hapo mto mzima hukimbilia kulia, wakati wewe unatakiwa kwenda kushoto.

Haya yote niliyajulia jikoni. Jioni nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa mdogo mtaani Portland, karibu na mto. Portland ulikuwa mtaa wa Wazungu wa kipato cha chini, wengi wao watu wa viwandani na wa mtoni. Mwafrika mwenye lafudhi ya pwani aliwashangaza kuliko kuwaudhi, na walipojua kwamba baba yangu alifanya kazi kwenye matishari, wakaanza kunifundisha kana kwamba nimetumwa na bandari ya Tanga kuja kuchukua ujuzi.

Mmoja wao, mzee aliyemaliza ujana wake kwenye matishari, alikuwa na kipande cha waya wa chuma mfukoni mwa koti. Unene wake ulikuwa kama wa kidole gumba. Akauweka juu ya meza ya kuoshea, kwenye maji ya sabuni, akanionyesha pale ulipokatikia: nyuzi za ndani zilikuwa zimesimama huku na huku, nyingine zimeng'aa, nyingine zimekwisha kupata kutu. Zenye kutu, akasema, zilikatika siku nyingi kabla ya ajali na hakuna aliyeziona. Nilitaka kuushika nao ukanichoma. Alicheka, akavuta suruali yake juu kidogo na kunionyesha mguu ambao waya wa aina ile uliwahi kuupitia.

Kule matishari hayavutwi, husukumwa. Moja lina urefu wa karibu mita 60 na hubeba tani 1,500 hivi. Yanafungwa pamoja kwa nyaya, matatu kwa upana na matano kwa urefu, na boti hukaa nyuma ya yote. Nahodha anayeshika usukani yuko karibu mita 300 nyuma ya ncha ya mbele. Breki hana. Anapoteremka na maji hawezi kwenda polepole kama anavyotaka, maana usukani haushiki mpaka chombo kipate mwendo unaozidi mkondo. Na mto unapojaa, mkondo wenyewe tayari una kasi. Mzee aliniambia kwamba kuingia mdomo wa mfereji wakati wa mafuriko ni sawa na kupenyeza uzi kwenye sindano huku mtu anakusukuma mgongoni. Waya mmoja ukikatika, unaofuata hubeba mzigo wa mara mbili, nao hukatika. Msafara mzima unaweza kuachana ndani ya dakika chache.

Jumapili ya tarehe 19 Machi 1972, mto ukiwa umejaa maji ya masika yao, msafara mmoja uliachana karibu na mdomo wa mfereji. Matishari yakachukuliwa na mkondo kwenda kulia. Mojawapo lilifika bwawani na kunasa kwenye milango.

Habari za kwanza redioni hazikumshtua mtu. Matishari kuchomoka wakati wa maji mengi lilikuwa jambo la kawaida, na watu wa mji waliyazoea kama sisi tulivyozoea mabasi kunasa kwenye tope la Korogwe. Makaa ya mawe yakimwagika mtoni, nani atajali? Ilikuwa mchana ndipo lilipotajwa lililokuwamo ndani: klorini ya maji, matangi manne, jumla tani 640.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kemia. Nilikaa kitandani chumbani kwangu nikachukua penseli.

Klorini katika hali ya kawaida ni gesi ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Huwekwa ndani ya tangi kwa shinikizo ili iwe maji. Ikipata tundu, inarudi kuwa gesi, na lita moja ya maji yake hutoa lita 450 hivi za gesi. Ina uzito wa mara mbili na nusu ya hewa, kwa hiyo haipai ikapotea. Hutambaa chini, huingia mabondeni, hushuka kwenye vyumba vya chini ya nyumba, na nyumba za Louisville nyingi zina vyumba hivyo. Ikikutana na maji ya kwenye macho, puani na mapafuni, hugeuka tindikali. Tarehe 22 Aprili 1915, huko Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi hiyohiyo dhidi ya askari waliokuwa mahandakini, na historia ya vita vya sumu ikaanzia hapo. Siku ile zilitumika takriban tani 168. Bwawani kwetu kulikuwa na zaidi ya mara tatu ya hizo, zimeegemea milango ya chuma, maji ya mafuriko yakizisukuma, na upande wa pili wa milango mawe yanasubiri.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Russell, mtaa wa Weusi ulio kusini ya Portland. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ndogo na maneno machache. Nilipomweleza hesabu yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: upepo unatoka wapi? Akatoka barazani, akafunga kitambaa cha jikoni kwenye nguzo. Toka siku ile, kabla ya kuweka kahawa motoni, alifungua mlango na kukitazama.

Alikuwa na sababu. Januari 1937, alipokuwa msichana, mto ulifunika takriban asilimia 70 ya Louisville na watu kama 175,000 wakalazimika kuyahama makazi yao. Ukuta wa kuzuia mafuriko unaouona leo mjini ulijengwa kwa sababu ya mwaka ule. Alikumbuka walivyoambiwa kwamba maji hayatafika kwao, na jinsi alivyoondoka siku ya pili yake kwa mtumbwi uliopitia dirishani. Tangu hapo tangazo lolote la kutuliza watu lilimfanya aanze kukunja nguo.

Watu wakisikia kisa hiki hudhani hatari ilikuwa ile dakika ya kugonga. Sivyo. Tishari liligonga, likanasa, na matangi hayakupasuka. Hatari ilianza baada ya hapo na ikakaa nasi kwa majuma. Maana ungefanyaje? Kulivuta kwa nguvu ilikuwa hatari: likichomoka vibaya litapita kwenye mlango na kuangukia mawe. Kuliacha pia ilikuwa hatari: mto ukizidi kupanda unaweza kulinyanyua, ukishuka unaweza kulilaza upande na kuliachia uzito wake wenyewe. Kufunga mlango wa bwawa ili maji yapungue hapo hakuwezekani, kwa kuwa tishari ndilo lililokuwa mlangoni. Mabaharia wa mkahawani walibishana juu ya hili kila jioni, wakipanga na kupangua, na nikatambua kwamba hata wao, waliokulia mtoni, walikuwa wakikisia.

Mambo matatu waliafikiana. Kwanza, mafuriko yaleyale yaliyolipeleka tishari bwawani ndiyo yaliyokuwa yakilibana lisiondoke. Pili, mtu yeyote atakayepanda juu yake kufunga kamba anastahili mshahara wake na wa jirani yake. La tatu siliandiki, lilihusu mama wa mwenye msafara.

Wahandisi wa jeshi la Marekani, ambao ndio wasimamizi wa mabwawa na mifereji ya mito yao, walichukua kazi, pamoja na walinzi wa pwani, wataalamu wa klorini na ofisi ya Washington iliyoshughulikia dharura. Nilivuka kwenda upande wa Indiana na mwenzangu mmoja kutoka Kisumu, tukasimama pale Clarksville kadiri askari walivyoturuhusu. Kwa mbali tishari lilionekana dogo. Sehemu yake moja ilikuwa juu, sehemu nyingine maji yalikuwa yakiipanda na kuteremka bila kukoma, na juu ya sitaha ungeona mgongo wa matangi, mweupe. Mngurumo wa maji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ilibidi tuzungumze mdomo kwa sikio. Mwenzangu, ambaye alikuwa akisomea biashara, aliuliza klorini yote ile ilikuwa inakwenda wapi. Nikamwambia viwandani, kwenye plastiki na karatasi, na kwenye mitambo ya maji ya kunywa. Akasema, "Kwa hiyo ikifika salama inatuponya, isipofika inatuua." Nimelitumia neno hilo mara nyingi kazini, bila kumtaja, namtaja leo.

Mji haukufungwa. Hili huwashangaza wajukuu zangu. Watoto walikwenda shule, mabasi yalitembea, sisi tulikaa mitihani. Lakini pua za watu zilikuwa zimebadilika. Asubuhi moja mwenye mkahawa alipiga deki kwa dawa ya kung'arishia nguo, ileile ambayo Tanzania tunaiita jiki, kama alivyofanya miaka yote. Mteja wa kwanza alifungua mlango, akanusa, akageuka na kutimua mbio bila kofia yake. Wawili waliokuwa wakivuka barabara walimwona, wakageuka nao. Mwenye mkahawa alisimama mlangoni na fagio lake la maji akiwaita kwa majina. Baada ya hapo alipiga deki kwa sabuni tu, na maji ya bomba, ambayo siku zote yana harufu kidogo ya klorini, wateja wakaanza kuyakataa wakitaka soda.

Kazi ya kulitoa ilifanywa kwa namna ambayo mpaka leo naiona ni ya akili. Hawakulivuta. Walichukua matishari mengine mawili, wakayaunganisha kwa vyuma vikubwa kutoka moja hadi jingine, yakawa chombo kimoja chenye miguu miwili, kama ngalawa isiyo na mwili wa katikati. Chombo hicho kilishushwa kwa uangalifu hadi kwenye bwawa, kikalipakata tishari lililokwama, mguu huku na mguu huku, ili lisiweze kusogea upande wowote. Likishakamatwa, klorini ingehamishiwa kwenye tishari jingine kwa mipira. Mtoto wa Tanga aliyelelewa na ngalawa hahitaji kuelezwa kwa nini chombo chenye matengo pande mbili hakipinduki kirahisi.

Ilipofika Aprili na saa ya hatari zaidi kukaribia, amri ilitoka watu wa Portland wahame. Polisi walipita mitaani. Maelfu waliondoka, wengine kwa ndugu, wengine kwenye makazi ya muda yaliyoandaliwa. Hapa ndipo nilipomwona mama mwenye nyumba akikasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mstari wa kuhama ulikuwa kaskazini yetu, kwenye barabara ya Market Street. Portland wanahama, Russell wanabaki. Alisimama barazani chini ya kile kitambaa chake akasema: "Upepo unajua Market Street iko wapi?"

Sina hakika kwamba alikuwa na haki yote. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima katika kazi hizihizi, nilijifunza kwamba mstari lazima uchorwe mahali, na kwamba wahandisi walipima umbali, upepo na kiasi ambacho kingeweza kuvuja kwa wakati mmoja. Lakini namwelewa. Louisville ilikuwa imewaka moto Mei 1968, miaka minne tu nyuma, kwa hasira za watu wa mitaa yetu dhidi ya polisi. Watu waliozoea kufikiwa mwisho na kila huduma hawawezi kuambiwa kwamba safari hii wameachwa nyuma kwa sababu za kitaalamu, wakaamini. Hakuna aliyekuja Russell kueleza. Afisa mmoja angekuja, akasimama katika kanisa lolote jioni moja, akaonyesha ramani, jambo lile lingekwisha. Kwa wahandisi wale natoa alama zote za kazi ya mtoni. Kwa kazi ya nchi kavu, nusu.

Mkahawa ulifungwa kwa amri, kwa hiyo sikuwa na kazi. Mama mwenye nyumba alifungasha mikoba miwili, akaivaa kofia yake ya kanisani, tukakaa barazani. Dada yake aliyeishi kusini ya mji alikuwa amekwisha kututayarishia vitanda, lakini alisema haondoki mpaka kitambaa kigeuke. Hakikugeuka. Redio ilitoa taarifa fupifupi: kazi inaendelea, hakuna uvujaji. Majirani walikaa barazani mwao vivyo hivyo, mtaa mzima, wengine na watoto mapajani, gari zimeelekezwa kusini. Nakumbuka utulivu wake kuliko hofu. Klorini ikahamishwa. Watu wa Portland wakarudi, tishari tupu likaondolewa, na mlango wa bwawa ukaweza tena kufungwa na kufunguliwa. Hakuna aliyekufa kwa gesi.

Mwaka uliofuata, 1973, walinzi wa pwani wa Marekani walianzisha kituo cha kuongoza vyombo hapo Louisville. Kina utaratibu wa peke yake: maji yanapokuwa ya kawaida, nahodha hujipitia, kipimo cha mto upande wa juu kikifika futi 13, yaani karibu mita 4, kituo huanza kazi na kila chombo hupita kwa kuongozwa kwa redio. Nilikuwa bado mwanafunzi. Yule mzee wa waya alisema ni jambo jema, ila akaongeza kwamba kituo kinamwambia nahodha lini apite, hakimwambii mwenye mali asipakie.

Maneno yake nimeyapima kwa miaka mingi, maana nilirudi nyumbani na klorini ikawa ndiyo riziki yangu. Nilifanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha maji mpaka nilipostaafu. Nimeipenda kemikali ile. Bila hiyo, kipindupindu kingezika watu wengi kuliko vita vyote vya Ypres. Vijana niliowafundisha wanakumbuka zoezi la kwanza: unachukua kitambaa, unakilowesha amonia, unakipitisha taratibu kwenye maungio ya mtungi. Ukiona moshi mweupe, pana uvujaji. Nilikuwa nawalazimisha kufanya hivyo hata kwa mtungi uliotoka kukaguliwa asubuhi ileile, na najua walinisema nyuma ya mgongo. Walikuwa hawajaziona zile nyuzi zenye kutu ndani ya waya.

Na Mto Ohio haukuacha. Tarehe 9 Januari 2005, wakati wa maji mengi, boti la Elizabeth M lilipitishwa na mkondo juu ya bwawa la Montgomery huko Pennsylvania pamoja na matishari yake, na mabaharia wanne wakafa. Krismasi ya 2018, msafara wa matishari 15 ya makaa ya mawe uligonga nguzo ya daraja hapo hapo Louisville ukatawanyika, na kadhaa yakazama kwenye bwawa la McAlpine. Tarehe 28 Machi 2023 mjukuu wangu alinionyesha picha kwenye simu bila kujua ninachokijua: matishari 10 yamechomoka Louisville, mengine yamenasa McAlpine, na moja lina tani 1,400 za methanoli. Nilimwambia aikuze picha. Milango ilikuwa ileile. Safari hii nayo tangi halikuvuja, methanoli ikahamishwa, na magazeti yakaendelea na mengine.

Wengi walioandika habari za 1972 wameulaumu mto. Mimi siulaumu. Mto hujaa kila masika, jambo ambalo watu wa Louisville wamelijua tangu karne ya 18. Kilichokuwa cha hiari ni kupakia tani 640 za sumu na kuzipitisha mbele ya mji katika majuma yaleyale ambayo kila mtu anajua maji yatakuwa makubwa. Aliyeamua vile hakuwa nahodha, na wala hakuwa mtoni. Alikuwa ofisini, ana tarehe ya kufikisha mzigo.

Sisi hatuna matishari ya klorini. Tuna malori, yanayopita madaraja ya Wami na Pangani yakiwa na mitungi, na masika yetu nayo tunayajua tarehe zake. Kwa hiyo nawaomba wenzangu mlio kwenye mamlaka za maji, wa Tanga na kwingineko: agizeni klorini ya miezi ya mvua mapema, Januari, ghala lijae kabla ya Machi. Na mkiona ghala la mtaa limejaa mitungi, nendeni mkawaeleze majirani kilichomo.